Mke Mwenza wa Kiembe Samaki

Nyumba ya Tahiya pale Mkunazini haikauki watu, na Alkhamisi ndiyo usiseme, kwa sababu Alkhamisi hupakwa hina maharusi wa Ijumaa. Mwanamke yeyote mjini aliyetaka kujua nani kaposwa, nani kaachwa na nani karudiwa kimyakimya, alipanda ngazi zile, akavua viatu mlangoni, akajitafutia pembe ya mkeka. Kahawa ipo, kashata zipo, na maneno yapo mpaka ya mtu kufungiwa akapeleka kwao.

Siku hiyo bi harusi alikuwa mtoto wa Bububu, kaegemezwa mito, kanyoosha mikono, na jamaa zake wamemzunguka kama wanalinda hazina. Tahiya alikuwa anamalizia ua la piko, ile hina nyeusi, kwenye kiganja pale simu ya mumewe, iliyokuwa ikichajiwa dirishani, ilipolia. Mume mwenyewe yuko chooni, maji yanasikika.

"Pokea bwana, inatupasua masikio," alisema Biasha, mtoto wa mama yake mkubwa, mwanamke aliyekuwa hawezi kuona simu ikilia asijue kwa nini.

Mikono ya Tahiya ilikuwa na piko. Akaigusa simu kwa kifundo cha kidole, akagusa siko, na sauti ikamwagika chumba kizima. Sauti ya mwanamke. Laini, ya kuvuta, kama ya msomaji wa maulidi.

"Asalamu alaykum baba. Mke mwenzangu leo kanuna tangu asubuhi. Hataki kula, hataki kusema na mimi. Anakutaka wewe tu. Njoo baba, na kile kikuba ulichomuahidi usisahau, ndicho anachokiulizia."

Simu ikakatika.

Hapana aliyetia kikombe mdomoni. Ua la piko likabaki nusu.

"Hesabu zangu mbovu tangu skuli," Biasha alianza polepole, "lakini hebu. Huyu aliyepiga ni mke. Huyu mke ana mke mwenziwe. Huyo mke mwenziwe kanuna, na si weye Tahiya, maana weye uko hapa unacheka na sisi tangu asubuhi. Basi hao ni wawili. Na weye ni wa tatu."

"Bado mmoja tu watimie," alisema Mayasa, shangazi wa bi harusi, akajiziba mdomo mwenyewe.

Mtu asimcheke Tahiya. Neno lile lilikuta kidonda kiko wazi. Mumewe ndiye Profesa Mahfoudh, bingwa wa maradhi ya watoto, lakini kilichompa jina si homa wala surua. Ni kule kumtazama mtoto aliyeletwa na mkono umevunjika na alama nyuma ya sikio, akawasikiliza wazee wa mtoto wakiapa kuwa kaanguka ngazini, kisha akawageukia wanafunzi wake akawaambia kwa upole: "Mtoto akianguka mwenyewe huumia goti, ugoko, paji la uso. Ngazi haimpigi mtu nyuma ya sikio." Kwa maneno kama hayo alisimama mahakamani mara nyingi, mbele ya watu wenye heshima zao, na alipotoka nje wengine walimnyima mkono. Chuo kikampa uprofesa. Mtaa ukampa jina la Daktari wa Kesi. Na wenye ndimi ndefu wakampa jingine: profesa wa watoto asiyekuwa na mtoto.

Jina hilo, kila mtu alijua, halikumchoma yeye. Lilimchoma mkewe.

"Mwanangu anatibu watoto wa Unguja nzima," Bi Nassra, mama yake Mahfoudh, alikuwa akisema kila sikukuu, mbele ya watu, huku anamkatia Tahiya kipande kikubwa cha mkate wa kumimina. "Wake atampa nani? Na dini haikumfunga mikono." Tahiya hula mkate ule, akasifu, akenda kulia nyumbani.

"Nyamazeni, anatoka!" alinong'ona Biasha.

Mahfoudh alitokea kwenye ukumbi kavaa kanzu ya pasi, ndevu zimechanwa, ananukia sabuni. Wanawake wote wakajifunika, wakajifanya wanatazama hina.

"Simu yangu ililia?"

"Ililia," alisema Tahiya.

"Nani?"

"Ikakatika."

Aliitazama ile simu, na Tahiya akauona uso wake ukilegea, ukawa mlaini kama wa mtu aliyeitwa na anayempenda. Uso ule! Tahiya mara ya mwisho kuuona ulikuwa umemwelekea yeye, na hakumbuki ilikuwa lini.

"Ntachelewa kidogo," alisema Mahfoudh.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini."

"Kazini na kanzu? Koti lako jeupe liko wapi?"

"Kuna kazi hazitaki koti."

"Koti tu?" aliguna Mayasa chini ya mtandio.

Mahfoudh hakusikia, au alijitia hakusikia. Aliinama kwenye sinia ya maua ya bi harusi, asumini na mrehani, vikuba vimefungwa vizuri tayari kwa kupachikwa kifuani. "Tahiya, nipe kimoja hiki."

Mwanamume huyu hajapata kumwomba ua tangu amwoe. Tahiya akampa. Akasikiliza miguu yake ikiteremka ngazi kwa haraka, haraka ya kijana.

"Kamchukulia kikuba chako mwenyewe," alisema Biasha. "Kutoka mkononi mwako. Ningekuwa mie ningemtia sindano."

"Biasha, nyamaza."

"Sinyamazi. Nshanyamaza vya kutosha. Wifi yangu anakaa Kiembe Samaki. Kanambia gari ya Profesa anaiona kwenye nyumba yenye geti la kijani, nyuma ya kiwanja, kila Alkhamisi. Nikasema labda mgonjwa. Sasa huyo mgonjwa ananuna akataka kikuba?"

Tahiya alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. Alikuwa mwanamke wa kupamba. Hakuwahi kutoka mlangoni bila ya wanja. Siku ile alitoka na buibui lililogeuzwa.

"Tia gari moto," alimwambia Biasha.

Bi harusi wa watu akabaki na ua nusu, mikono juu, analia kwamba na yeye anataka kwenda. Hapana bi harusi anayetoka nje siku ya kuamkia harusi yake, hata kwa fumanizi. "Basi mnipigie video!" aliwapigia kelele dirishani, na Mayasa akainua simu yake kumuonesha kwamba amemsikia.

Njiani maneno yalikuwa mengi kuliko hewa. Mmoja anasema mshike nywele, mwengine anasema usimshike, mtemee mate, mwengine anasema muulize kwanza mahari kapewa ngapi. Tahiya kakaa mbele. Alikuwa anaikumbuka siku aliyompenda. Mtoto wa dada yake alikuwa mgonjwa, kafumba meno hataki dawa, na daktari kijana akaitwa nyumbani. Tahiya kasimama nyuma ya pazia akaisikia sauti inamzungumza mtoto yule, inampigia hadithi ya paka aliyeogopa kijiko, polepole, bila ya haraka, mpaka mtoto akacheka na dawa ikapita. Wenzake walimpenda kwa sura na usomi wake. Yeye alipenda sauti ile. Akasema moyoni, ile naitaka mimi, inizungumze mimi mpaka nizeeke.

Akaolewa nayo. Na ikawa inabaki kazini.

Geti la kijani lilikuwa limefungwa, na gari ya Mahfoudh ipo.

"Mke mwenza! Toka nje!" Tahiya aligonga kwa ngumi zote mbili. "Toka tuonane! Si unanuna? Nimekuja kukubembeleza!"

Biasha akapiga kigelegele kile cha kejeli, kirefu, na wanawake wa mtaa wakaanza kutoka milangoni mwao na upawa mkononi. Mayasa keshainua simu. "Bi harusi, unaona? Hili ndilo geti. Hapa ndipo penyewe, Kiembe Samaki."

Geti likafunguliwa kidogo. Aliyetokea ni bibi, mvi tupu, kilemba cha kanga kichwani, miwani imefungwa kwa uzi.

"Nyie mna nini, watu wa Mungu?" aliuliza, na sauti ilikuwa ile ile, laini, ya kuvuta.

"Wewe ndiye uliyepiga simu?" alisema Tahiya.

"Mimi Mwatum. Simu gani?"

"Mke mwenzako yuko wapi?"

Bibi akabadilika rangi. "Mwanangu, teremsha sauti. Nakuomba. Utamtisha."

"Nimtishe! Mie ndiye wa kumtisha?" Tahiya akampita kwa bega, akaingia, na kwa bahati, au kwa kuwa Mungu hakumwacha peke yake, Bi Mwatum akawahi kulirudisha geti na kutia komeo. Biasha na wenzake wakabaki nje wanagonga.

Chumba cha kwanza kitupu. Cha pili kina cherehani. Cha tatu kina kitanda, na chini ya kitanda inatokeza miguu ya mwanamume, na pindo la kanzu ya pasi.

"Na uvunguni umekwenda!" alisema Tahiya, akihema. "Profesa mzima! Toka! Toka na huyo mwenzako nimuone!"

Miguu haikutikisika. Kutoka chini ya kitanda ikaja sauti. Si ya kumjibu yeye.

"Hakuna anayekuchukua. Nsikilize mimi. Tazama, na mie nimelala hapa hapa, na ndevu zangu, vumbi linanitia chafya. Nikitoka, tutatoka sote. Usipotaka, tutakaa sote."

Kisha sauti nyembamba, ya mtoto wa kike, haraka haraka, kama anayesoma kitu alichohifadhi:

"Usintoe, baba. Ntakula. Wallahi ntakula chakula chote. Usintoe."

Tahiya alishika mlango.

Kwenye mkeka palikuwa na sahani ya wali haijaguswa, na kile kikuba, kimekanyagwa.

Bi Mwatum alimvuta kwa mkono mpaka ukumbini. "Mimi nawalea hawa wanaofichwa, mwanangu. Baba, huyu daktari, kanikataza nisitaje jina la mtoto, kwa simu wala kwa mdomo. Basi mimi n'mwite nani? Nimemwita kama ninavyowaita wajukuu zangu wote. Mke mwenzangu. Wewe bibi yako hakukuita hivo?"

Alimwita. Kila siku ya Mungu, bibi yake Tahiya alimwita mke mwenzangu, akamtania kwamba kamwibia babu, na mji mzima unajua utani huo. Chumba kizima cha wanawake walioitwa hivyo na bibi zao, na hata mmoja hakukumbuka. Wivu ulikuwa umeshawaziba masikio.

Mahfoudh alitoka baada ya muda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu.

"Nje kuna wangapi?" aliuliza.

"Gari zima. Na mtaa."

"Nani ana simu?"

"Mayasa. Kapiga video ya geti, ndani hakuona kitu. Na jina la mtaa kalitaja."

Mahfoudh akaegemea ukuta, akafumba macho. "Jumatatu mtoto huyu anazungumza mbele ya hakimu. Wapo wasiotaka azungumze. Wameshamtafuta skuli, wameshamtafuta hospitali, wamemfuata mpaka mwalimu wake. Hapa tu ndipo hawakupajua. Nikimhamisha leo, macho yote haya yanamuona. Nikimwacha, kesho wataulizana fumanizi la Kiembe Samaki lilikuwa la nani, na wataambiwa ni Daktari wa Kesi, na hakukutwa mwanamke ila mtoto."

"Ungenambia, Mahfoudh."

"Siri si yangu. Ni yake."

"Na mimi, yangu ni ipi?" alisema Tahiya. "Mamako ananilisha mkate na maneno, wewe unakula kimya. Unarudi nyumbani umechoka, unajibu naam na la. Nimesema lazima yuko mwanamke anayekula yale maneno yako mengine. Na yuko! Nimesimama mlangoni pale nimekusikia unavyomzungumza, na Mwenyezi Mungu anisamehe, nimemwonea wivu. Mtoto yuko uvunguni anaomba asitolewe, na mie namwonea wivu! Kwao unakwenda na nyama, kwangu unarudi na mfupa."



"Nnaogopa," alisema Mahfoudh. "Nikianza kusema na wewe kwa sauti ile, ntakwambia yote niliyoyaona. Na wewe hutalala tena."

"Nani kakwambia nalala?"

Nje Biasha alikuwa anatingisha geti. "Tahiya! Umemkamata? Tunapanda ukuta!"

"Waambie umekosea," alisema Mahfoudh. "Waambie ni mgonjwa."

Tahiya akacheka bila ya furaha. Huyu bwana alijua mifupa ya watoto; yeye alijua watu. Wanawake waliotoka mjini kuja kutafuta jambo hawarudi mikono mitupu. Usipowapa, wataingia kuchukua. Ukiwaambia mgonjwa, watauliza mgonjwa gani, wa nani, ana nini, na kabla ya magharibi watakuwa wanamjua mtoto mpaka jina la ukoo. Lakini ukiwapa kilichowaleta, washibe, hawatachungulia chungu kingine.

Akauvua mtandio, akazitimua nywele zake, nywele za mpambaji mzima wa mji. Machozi hakuhitaji kuyatafuta.

"Tahiya, unafanya nini?"

"Kazi isiyotaka koti," alisema, akafungua geti, akalifunga nyuma yake kwa mgongo.

"Ni kweli!" alipiga ukelele. "Kaoa! Jamani, kaoa!"

Ilikuwa kama kutupa pweza mbele ya paka. Biasha akamkumbatia analia kwa sauti, wanawake wa mtaa wakasogea na pawa zao, Mayasa akasogeza simu karibu.

"Wote wawili?"

"Mmoja. Mlisikia vibaya. Yule bibi ni bibi yake."

"Mtu wa wapi?"

"Wa shamba. Sikumuuliza."

"Mkubwa?"

"Mdogo," alisema Tahiya. "Mdogo sana."

"Na mzuri?"

Hapo kila aliyekuwepo akauona uso wake ukijikunja, na hapana aliyeshuku.

"Keshamteka," alisema. "Vile anavyozungumza naye, mie hajazungumza nami hivo miaka."

"Lo! Ngoja nikampasue!" Biasha akalivamia geti.

"Biasha!" Tahiya alimshika mkono kwa nguvu mpaka bangili zikamuumiza. "Ukikanyaga humo, mimi na wewe basi. Na nyote nisikilizeni. Nimeshafedheheka leo, yatosha. Kesho asije mtu hapa, asipite mtu hapa, asije mtu kunitetea wala kumchungulia. Atakayekuja, ntajua kaja kunicheka. Niacheni nilee aibu yangu."

Wakaapa, mmoja mmoja. Kwa hilo aliwaamini. Hapana mwanamke wa mji angetaka kusemwa kwamba kenda kumcheka Tahiya, mwenye nyumba ya kahawa na maneno.

Walipokuwa wanaingia garini, Tahiya aligeuka. Mahfoudh alikuwa dirishani, nyuma ya wavu. Kaweka kiganja juu ya moyo, kakiacha pale, kama mtu anayeitikia salamu ambayo hakuitegemea. Hakumpungia. Bado alikuwa na hasira naye. Bado alikuwa na wivu. Mtu hali wivu akaumaliza kwa kikao kimoja.

Hawajafika hata njia kuu simu yake ikaanza kulia. Habari za mji hazipandi gari, huruka. Kwenye kioo lilikuwa jina la mama mkwe.

"Usipokee," alisema Biasha.

Akapokea.

"Tahiya, mwanangu," alisema Bi Nassra. "Nimesikia. Pole, mama. Pole sana." Na chini ya ile pole, pamoja na kujizuia kwake kote, palikuwa na kitu kinachorukaruka, kama mtu anayeficha zawadi mgongoni. "Nimesema naye kila siku, ukioa oa kwa wazi, usimfedheheshe mwenzio. Hakunisikia. Lakini ndiyo yameshakuwa, tuseme nini? Nambie tu kweli, usinifiche mie mamako." Sauti ikateremka. "Huyo mke... keshashika mimba?"

Gari zima lilikuwa limesikia. Biasha anamwashiria kwa mikono yote miwili aikate, amtukane, aitupe simu nje.



"Bado, mama," alisema Tahiya. "Tumwombee."